Barua kwa mwanangu: kuhusu mahame yetu ng'ambo ya korongo

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata, nami nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa barazani jua likiwa limepoa. Unasema wapima ardhi watafika kijiji cha jirani baada ya mavuno ili watu wapate hati za hakimiliki ya kimila, na unataka nikujibu jambo moja tu: je, mahame yetu ng'ambo ya korongo ni yetu, na je, uandikishe pingamizi kwa jina la babu yako? Nitafika huko. Kwanza nataka ujue tulivyotoka pale, kwa maana habari hiyo nimewasimulia ninyi watoto vipande vipande, kila mtu kipande chake, na sina hakika kama yupo hata mmoja wenu aliyeisikia yote.

Babu yako alikuwa kijana wa miaka kumi na saba Waingereza walipoanzisha mradi wa karanga wa Kongwa mwaka 1947. Alikwenda kung'oa visiki. Aliona vifaru vya vita vilivyogeuzwa matrekta vikisukuma mibuyu ambayo hata babu zake waliikuta, na aliona mvua ilipokatika udongo ule mwekundu ukikauka kama tofali, karanga zikibaki ardhini kwa sababu jembe la mashine halikuweza kuzitoa. Mwaka 1951 mradi ulifungwa, baada ya kumeza paundi milioni 36. Babu yako alirudi nyumbani na blanketi moja na neno moja ambalo alilisema mpaka anakufa, na ambalo mimi nami nimelirithi: nchi hii haikubali kuharakishwa. Ndiyo maana mpaka leo naona vigumu kueleza alichokifanya mwaka 1971.

Ujue kwanza kwamba hatukuwa tumetawanyika kwa ujinga, kama tulivyoambiwa baadaye kwenye mikutano. Mvua ya Ugogo hunyesha kwa mafungu. Inaweza kulowesha shamba la bonde hili na kuliacha la bonde la pili vumbi tupu, na kwa sababu hiyo kila kaya ilikuwa na mashamba katika sehemu zaidi ya moja, na ng'ombe wengine waliwekwa kwa ndugu na marafiki wa mbali, ili ukame au maradhi yakipiga huku, kule kibaki kitu. Tembe lilikaa karibu na uwele, zizi likalisha udongo mbolea, na watoto wakaamia ndege asubuhi na jioni. Udongo ukichoka, kaya ilihama yenyewe, kwa wakati wake. Nchi hii haikubali kuharakishwa, na watu walioijua hawakuiharakisha.

Operesheni Dodoma, ile ya serikali ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya ujamaa, ilipofika kwetu mwaka huo nilikuwa na miaka kumi. Babu yako alikuwa balozi wa nyumba kumi. Alikuwa amekwenda kwa miguu mpaka Chamwino, ambako Mwalimu Nyerere alikuwa amekuja kufyatua matofali pamoja na wanakijiji, na alirudi mtu mwingine kabisa. Alituambia kwamba wale wa karanga walikuja kuchukua, ila hawa wanakuja kuleta: shule, zahanati, maji ya bomba. Nadhani aliamini kila neno. Hata mimi nikikumbuka uso wake jioni ile naamini kwamba aliamini.

Siku ya lori kufika, mwezi wa nane, watu walisitasita. Kila mmoja alimtazama mwenzake. Ndipo babu yako alipopanda juu ya tembe letu na jembe, akaanza kuondoa udongo wa paa kwa mikono yake mwenyewe, ili wengine wamfuate na ili asiwepo wa kurudi usiku kulala. Sauti ya udongo ule ukianguka ndani ya nyumba, juu ya mafiga ambayo tulikuwa tumepikia asubuhi, naisikia mpaka leo ninapoandika. Mama yake, yaani bibi yangu, alikaa chini ya mkwaju bila kusema neno. Alikuwa mtoto wa Mtunya, ile njaa kubwa iliyotupiga baada ya majeshi ya Wajerumani na ya Waingereza kupita na kuchukua nafaka, ng'ombe na wanaume wa kubeba mizigo. Tangu hapo hakuwahi kulala mbali na akiba yake ya chakula. Alikuwa na vilindo vitatu vya uwele, yaani maghala ya nafaka ya nyumbani, vimejaa. Lori lilikwenda safari mbili, na dereva akaahidi kurudi kesho kwa safari ya tatu kuchukua vilindo. Hakurudi kesho, wala keshokutwa. Babu yako alipopata punda wa kuazima, zilikuwa zimepita siku kumi na moja, na panya na mbuzi walikuwa wamekwisha kufanya kazi yao.

Bibi hakumlaumu mwanawe mbele yetu, hata mara moja. Lakini ulipokuja ukame wa 1973 na 1974, na tukapanga foleni kupokea unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano kutoka Marekani, alipokea fungu lake, akalitazama, kisha akataja idadi ya debe zilizokuwa ndani ya vilindo vile. Alizitaja kwa sauti ya kawaida tu, na baba yangu akatoka nje.

Sasa hapa ndipo ninapogombana na nafsi yangu. Shule ya zamani ilikuwa mwendo wa saa tatu kwa miguu, na hakuna msichana wa ukoo wetu aliyekuwa amekanyaga darasani. Katika kijiji kipya shule ilikuwa nyuma ya nyumba. Nilianza darasa la kwanza nikiwa na miaka kumi na mmoja, na barua hii unayoisoma ni matunda yake. Bibi naye alijiunga na elimu ya watu wazima, na siku alipoandika jina lake ubaoni alicheka mpaka akashika kifua, akataka chaki ile aende nayo nyumbani. Mwalimu alimpa. Mambo hayo siwezi kuyakataa, wala sitaki.

Lakini nikisema hivyo, nakumbuka kwamba tulipokuwa darasani tukiimba herufi, kwelea kwelea walikuwa wakila uwele katika mashamba ya mbali yasiyo na mtoto wa kuamia. Mazizi yote yakawa mahali pamoja, na kwa miaka michache tu majani yakaisha, udongo ukakanyagwa ukawa unga, na makorongo yakaanza kuchimbika mahali tulipokuwa tukicheza. Bomba nalo lilitoa maji misimu miwili. Je, haikuwezekana kutuletea shule bila kubomoa paa? Je, haikuwezekana kutungoja tusafirishe nafaka kwanza? Naamini iliwezekana, na hapo namsikia baba yangu akinijibu kwamba waliongoja walingoja tangu Wajerumani na hakuna aliyewaletea hata ubao. Sijawahi kumshinda katika hoja hiyo, ingawa yeye hayupo na mimi ndiye ninayesema peke yangu.

Bibi alifariki mwaka 1983, masika. Alikuwa ametuomba tumzike kule, kando ya mumewe, chini ya mkwaju. Korongo lilikuwa limejaa, mto unanguruma, na baada ya siku mbili wazee wakaamua azikwe hapa kijijini. Babu yako alikaa ukingoni siku zote mbili akiangalia maji kama yanapungua. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko paa na kuliko vilindo, nami sioni wa kumdai.

Sasa swali lako. Umeniandikia kwamba umeisoma Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na kwamba kifungu cha 15 kinathibitisha ardhi waliyogawiwa watu wakati wa operesheni, tangu Januari 1970 hadi Desemba 1977, na kuzifuta haki za waliokuwapo kabla. Kwa hiyo kisheria unalijua jibu, na nashangaa kwa nini unaniuliza mimi, isipokuwa unataka niseme kwamba sheria imekosea. Vijiji vilipoandikishwa kwa sheria ya mwaka 1975, mahame yetu yalianguka upande wa pili wa mpaka, na halmashauri ya kijiji kile ikampa mtu mwenye watoto saba. Mtu huyo hakuja kupora. Naye alihamishwa kutoka mlima wa pili, na tembe lake lilibomolewa siku chache baada ya letu. Mahame yake sasa analima mwingine.

Kama ningekuwa na ujana wako na hasira niliyokuwa nayo, ningekwambia andika pingamizi, ili nao watujibu. Na kama ningekuwa babu yako ningekwambia acha, yamekwisha. Mimi si mmoja wala si mwingine. Kuna asubuhi naamka nikiwa na neno kabisa mdomoni, kisha linageuka kabla ya chai. Basi silisemi, na usinilazimishe kwa simu kama ulivyofanya mwaka jana kuhusu ng'ombe. Ninachokuomba ni kwamba usiandike chochote kabla hujaja. Njoo kabla ya wapimaji, tuvuke korongo pamoja likiwa kavu, nikuonyeshe mawe matatu yaliyokuwa chini ya vilindo, maana bado yapo, na kaburi la babu yangu ambalo wenye shamba sasa hulizunguka wanapolima, hawajawahi kulipitisha jembe. Nchi hii haikubali kuharakishwa, na shauri hili nalo halina haja ya kuharakishwa.

Mjane wa yule mtu bado yu hai, na kila mwaka mkwaju ukizaa hunitumia fungu langu bila mimi kuomba. Mwaka huu ameleta debe moja na nusu. Hiyo nusu nimekuwekea wewe.

Ni mimi mama yako.