Ukiuziwa kipande cha deraya ya Ulaya, kigeuze kwanza uone ndani

Naishi Leeds hapa Uingereza na miaka kadhaa sasa nakusanya vipande vya deraya, yale mavazi ya chuma ya askari wa Ulaya wa miaka ya 1400 mpaka 1600 na kitu, dirii na chapeo kama zile tunazosoma kwenye Waefeso ila hizi za vita kweli. Watu wananitumia picha inboksi wananiuliza hiki ni cha zamani au nimepigwa, na kila mtu anapiga picha upande wa nje. Jamani, nipigieni ndani.

Fundi wa zamani alisugua nje mpaka inang'aa manake ndo inaonekana, ndani hakuhangaika, kwahiyo utakuta alama za nyundo zimepandana na ule weusi wa motoni. Baba yangu alikuwa fundi chuma Gerezani, Dar, nimekua na mlio wa nyundo masikioni, na bado nilinunua kipande cha bega kwenye mnada wa Jumapili kwa pauni 140 kwasababu nje kilikuwa na nakshi na kutu nzito. Nimefika nyumbani nakipima, milimita 1.2 kingoni, 1.2 katikati, 1.2 kila mahali. Hilo ni bati la kiwandani limepita kwenye rola. Iliniuma sana, hiyo hela nilikuwa nimeitunza miezi.

Chuma kilichofuliwa kwa mkono hakiwi sawa hivyo hata siku moja. Dirii ya kweli ni nene katikati ya kifua pale mkuki au risasi inapolenga, afu inapungua ukielekea kwapani, kwahiyo nunua vernia, kile kifaa cha kupimia unene, pima sehemu hata kumi, andika. Lakini alama za nyundo peke yake usiziamini, manake karne ya 19 matajiri walitaka deraya za kupamba majumba yao na mafundi wakawafulia kwa nyundo kabisa, mfano karakana ya Ernst Schmidt kule München, Ujerumani, ilitoa nakala nzuri kweli, na nakala ikishapita mikono mitatu minne watu wanasahau kama ni nakala.

Hapo ndo unaangalia kutu. Chuma cha kale kina mavi ya chuma ndani yake, yale masalia ya kuyeyusha mawe ya chuma, kikiliwa na kutu kinafunguka tabaka tabaka kama chapati, wakati chuma cha kisasa kilichozeeshwa kwa tindikali kinakuwa na vidoti vya aina moja uso mzima.

Matundu nayo yanaongea. Vipande vingi tunavyopata ni vile vibamba vyembamba vilivyopinda, vilikuwa vinashikana kwa riveti na mikanda ya ngozi, ngozi ikaoza vikatawanyika. Tundu lililotumika limelika upande mmoja. Kujua kilikaa wapi mwilini, kata boksi kwa umbo lilelile ujaribishe kwenye paja, bega, kiganja, utashangaa jibu linavyokuja haraka.

Kuhusu umri, ukiona mifereji mingi imetandazwa kama feni fikiria kati ya 1500 na 1530 hivi, kingo iliyokunjwa na kusokotwa kama kamba ni karne ya 16 mara nyingi. Mihuri ya miji ya Ujerumani pia ipo, N ya Nürnberg, tunda la msonobari la Augsburg, ila muhuri unagongwa hata leo asubuhi, kwahiyo uwe wa mwisho kuuangalia.

Na usitegemee kupata ya mfalme. Zilizobaki nyingi ni za askari wa kawaida, nyeusi nyeusi, za kutoka ghalani, na mi ndo nazipenda zaidi. Ukipata nafasi nenda Graz, Austria, ghala lao la silaha lina vitu kama 32,000, utajifunza kwa siku moja kuliko picha za mwaka mzima. Hapa Leeds, makumbusho ya silaha ya Royal Armouries kuingia ni bure.

Ila nakuomba sana, usiguse brashi ya waya, wala siki, wala msasa. Ukisugua ule weusi wa ndani umefuta ushahidi wote. Futa vumbi kwa kitambaa kikavu, paka nta kidogo, basi.

Juzi nimepata kigamba cha kidole cha glavu ya chuma, kidogo kama ukucha wa dole gumba. Katikati milimita 0.9, kingoni 0.6, tundu limelika upande mmoja. Ndani kuna alama mbili za nyundo.