Re: Cadbury walianzaje?

Mkuu, umeuliza Cadbury, wale watengeneza chokoleti, walianzaje, maana na wewe una fremu Kirumba, Mwanza, na unawaza kutengeneza chokoleti. Walianza na duka tu. John Cadbury alilifungua Birmingham, Uingereza, mwaka 1824, akiuza chai, kahawa na kakao ya kunywa aliyoitwanga kwa kinu. Alikuwa Mquaker (muumini wa dhehebu moja la Kikristo), pombe hataki hata kuisikia, kwa hiyo kakao ilimfaa.

Utamu uko kwa wanawe, Richard na George. Walipokabidhiwa mwaka 1861 biashara ilikuwa hoi. Mwaka 1866 wakaleta mashine ya Kiholanzi ya kukamua mafuta ya kakao. Kabla ya hapo walikuwa wanachanganya wanga wa viazi ili kuyaficha. Kakao safi ikauzika kweli. 1879 wakahamia Bournville, nje kidogo ya Birmingham, 1905 ikatoka Dairy Milk, chokoleti yao ya maziwa. Kraft, kampuni ya vyakula ya Marekani, waliinunua Cadbury 2010.

Kwako sasa: kakao ipo Kyela, mkoani Mbeya, nauli tu. Ila siagi yake, yaani yale mafuta, huyeyuka kwenye nyuzi 34 hivi. Niliwahi kusahau chokoleti kwenye dashibodi pale stendi ya Nyegezi, nikarudi nikakuta uji ndani ya karatasi. Anza na unga wa kakao ya kunywa.