Kwa Mnaoanza Kazi Katika Jiko la Kosher Chuoni

Wadogo zangu mnaokuja kusoma Marekani, wengi wenu mtaanzia jikoni. Viza ya F-1, ile ya wanafunzi, inakubana: mwanzoni ni kazi za ndani ya chuo, na muhula ukiendelea usizidishe saa 20 kwa wiki. Mabwalo ya chakula hayakosi nafasi. Chuo kikiwa na wanafunzi wengi wa Kiyahudi, huenda ukapangiwa jiko la kosher, yaani la chakula kinachofuata sheria za dini ya Kiyahudi, kama nilivyopangiwa mimi, Mwislamu wa Tanga ambaye hadi siku ile sikuwa nimezungumza na Myahudi hata mmoja. Nilikaa jiko lile miaka miwili. Haya ninayowaambia nilitamani sana mtu angeniambia siku ya kwanza.

Usiingie ukidhani unajua kwa sababu umelelewa na halali. Kufanana kupo: nguruwe haliwi, na kuchinja kuna masharti yake. Lakini uzito wa kazi uko kwenye kutenganisha. Torati inakataza mara 3 kumpika mwana-mbuzi katika maziwa ya mama yake, na kutokana na katazo hilo marabi, wanazuoni wa Kiyahudi, walijenga utaratibu mzima: nyama na jamii yote ya maziwa havikutani. Ndiyo maana utakuta masinki mawili, oveni mbili, sufuria na visu vya aina mbili. Kwetu vyekundu vilikuwa vya nyama, vya buluu vya maziwa, na kijani vya vitu ambavyo si nyama wala maziwa, kama mboga na mayai. Hivyo huitwa pareve. Suala hapa si usafi. Upawa unaweza kung'aa kama kioo na bado usiwe wa sufuria hiyo.

Atakuwepo msimamizi wa sheria hizo, anaitwa mashgiah. Asubuhi jiko anawasha yeye, usimtangulie. Mayai hupasuliwa moja moja kwenye glasi, yakaangaliwa kama yana tone la damu, ndipo yanamiminwa bakulini. Majani ya saladi huoshwa, kisha kila jani huinuliwa kwenye mwanga kutafutwa vidudu. Aliyechambua mchele kwenye ungo wa bibi yake, mkono wake unaijua kazi hii. Mwanzoni niliona mashgiah ananichunga kama mwizi. Sivyo. Anabeba dhamana ya kila mtu atakayekula pale.

Hilo nililielewa mwezi wa pili. Ilikuwa Jumatano, supu ya ng'ombe inatokota, bwalo linajaa, nikachukua upawa ulioning'inia karibu nikakoroga. Mizunguko mitatu hivi, ndipo nikaona mpini: buluu. Hakuna aliyeniona. Ningeweza kuusuuza na kuurudisha, na watu mia wangekula bila kujua. Niliweka upawa juu ya meza nikamwita mashgiah. Hakunifokea. Alimpigia rabi simu, na maswali yaliyokuja yalinishangaza kwa upole wake: supu ilikuwa ya moto? Upawa ulitumika lini mara ya mwisho kwa chakula cha moto chenye maziwa? Ulikuwa umetumika Jumatatu, zaidi ya saa 24 zilikuwa zimepita, na hapo sheria inalegea. Supu ikaliwa. Upawa ukawekwa kando, baadaye ukatokoswa. Yule mashgiah aliniambia tangu siku hiyo ataweza kuniacha peke yangu na sufuria. Kwa hiyo ukikosea, sema papo hapo, kabla hujagusa kitu kingine. Makosa mengi yana dawa. Linaloliua jiko la kosher ni kosa lililofichwa.

Sabato nayo ina mambo yake. Inaanza Ijumaa jua likizama, na mishumaa kwa kawaida huwashwa dakika 18 kabla. Sisi watu wa pwani hatupati taabu hapa: wazee wetu wakisema usiku wa Ijumaa wanamaanisha Alhamisi kuamkia Ijumaa, kwa kuwa siku huanza na magharibi. Washika dini hawagusi umeme, kwa hiyo hawatumii kadi ya chakula. Majina huandikwa kabla, wewe weka alama tu. Usizime taa ya ukumbi kwa kubana matumizi, hawataiwasha tena. Na ukimkuta mwanafunzi amesimama nje ya mlango wa kadi, hatakutuma, kwa sababu hatakiwi kukufanyisha kazi kwa ajili yake. Fungua uingie mwenyewe, ushikilie mlango.

Jambo moja liliniuma wiki ya kwanza. Nilimuuliza kijana kama aongezewe samaki, akanitazama bila kujibu. Nikarudia. Kimya, akaonyesha mkate kwa kidole. Nilihisi nimedharauliwa hadi nilipojua kwamba akishanawa mikono kwa kikombe kile chenye mishikio miwili, hasemi mpaka aombe dua na kuonja mkate. Dakika moja baadaye alinifuata kunishukuru.

Lakini msiwafanye wote kuwa kitu kimoja. Hillel, jumuiya ya wanafunzi wa Kiyahudi iliyoanzia Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 1923, inapokea washika Sabato, wasioishika kabisa, na wanaokuja Ijumaa kwa sababu tu wamekumbuka nyumbani. Anayekula nyama na jibini mkahawa wa pili ni Myahudi vilevile, usimsahihishe. Wala usimfanye kila mmoja balozi wa Israeli wa kumhoji wakati unampakulia.

Mlangoni utakaguliwa mkoba, hata ukiwa na sare. Usikasirike. Oktoba 2018 mtu mwenye bunduki aliingia sinagogi la Tree of Life, Pittsburgh, asubuhi ya Sabato, akaua watu 11. Vijana hawa wanakula wakiwa na habari hiyo vichwani. Msalimie mlinzi, fungua mkoba.

Mwisho ni ratiba. Boston mwezi Desemba jua linazama saa kumi na robo jioni, kwa hiyo chakula chote cha Ijumaa lazima kiive kabla Sabato haijaingia, na zamu inaanza asubuhi. Kama una kipindi Ijumaa, mwambie meneja Septemba akupangie Jumapili.