Viza haijaisha lakini mpakani wamemrudisha: yaliyonikuta mimi, na namna ya kuisoma stika ya Schengen

Mkuu, umeeleza kwamba mdogo wako yuko Ugiriki kwa matembezi, akapanda feri kwenda Uturuki kwa siku mbili, na alipotaka kurudi kisiwani afisa akamkatalia, ilhali viza yake inasomeka bado ina wiki tatu. Unauliza kama afisa amekosea, na kama akijaribu kuingilia mpaka mwingine atapita.

Naanza na la pili kwa kuwa ndilo la haraka. Asijaribu mpaka mwingine. Stika ya viza kwenye pasipoti ni ileile, na afisa wa pili ataisoma kama alivyoisoma wa kwanza, tena safari hii akiwa na rekodi ya kukataliwa mbele ya macho yake. Mdogo wako ataongeza doa la pili bila kupata chochote.

La kwanza linahitaji maelezo. Kwa namna ulivyolisimulia, afisa huenda hajakosea hata kidogo. Najua inavyouma kuambiwa hivyo wakati mtu wako amekwama bandarini, kwa sababu na mimi niliambiwa hivyohivyo nikiwa nimeshika pasipoti yenye viza niliyoamini ni nzima.

Ilikuwa mwaka 2023. Nilikuwa na viza mbili, ya Schengen (kundi la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja na kuachiana mipaka wazi) na ya Uingereza. Mpango niliouandika kwenye maombi ulikuwa kuingia Paris tarehe 6 Mei, kutembea Ufaransa na Uholanzi hadi tarehe 18, kuvuka kwenda London kwa ndugu, kisha kurudi Paris tarehe 3 Juni ili nipande ndege ya nyumbani tarehe 4. Viza ilipotoka niliangalia vitu viwili tu. Niliona tarehe, kuanzia 6 Mei hadi 19 Juni. Nikaona idadi ya kuingia, 02. Nikafurahi, nikafunga pasipoti. Kando ya vitu hivyo palikuwa na kisanduku kingine kilichoandikwa 15, na sikukitilia maanani. Nilidhani ni namba ya kiofisi tu.

Nikiwa Amsterdam, rafiki yangu akanisihi nikae siku mbili zaidi. Nikajiuliza kama viza inaruhusu, nikafungua stika, nikaona 19 Juni, nikakaa. Nilitoka kwa treni ya Paris kwenda London tarehe 20 Mei badala ya 18. Hakuna aliyenizuia kutoka, na kwa kweli hakukuwa na kosa lolote hadi hapo. Siku hiyo ilikuwa ya kumi na tano kamili.

Kwa wasioijua njia hiyo: ukipanda treni London, kwenye stesheni ya St Pancras, ukaguzi wa kuingia Ufaransa unafanyikia palepale stesheni kabla hujapanda. Maafisa wa Ufaransa wana vibanda vyao ndani ya jengo. Kwa hiyo nilirudishwa kutoka Ulaya bara bila hata kutoka London.

Afisa alikuwa mama mtulivu. Alifungua ukurasa wa viza, akatafuta muhuri wangu wa kuingia na wa kutoka, akahesabu akitumia ncha ya kalamu. Akaniuliza nilikaa siku ngapi mara ya kwanza. Nikajibu wiki mbili. Akaandika kwenye kikaratasi: 6 Mei, 20 Mei, 15. Kisha akanigeuzia pasipoti na kuweka kidole kwenye kile kisanduku cha 15. Nilibisha. Nilimwonyesha 19 Juni zaidi ya mara tatu, sauti ikipanda. Yeye hakupandisha yake. Alisema tarehe zile zinaonyesha ni lini naweza kuitumia viza, na ile 15 ndiyo viza yenyewe.

Sentensi ile ndiyo ninayotaka ikae kichwani mwa kila anayesoma hapa. Tarehe mbili za kwenye stika ni kipindi ambacho mlango uko wazi. Muda wa kukaa ni siku ulizopewa ndani ya kipindi hicho. Idadi ya kuingia ni mara ngapi unaweza kuvuka kizingiti. Mambo matatu tofauti, na lolote litakaloisha kwanza limeimaliza viza, hata kama mengine mawili yamebaki.

Mimi kilichoisha ni siku. Mdogo wako, nadhani, kilichoisha ni mara za kuingia. Angalia kisanduku cha idadi ya kuingia: kikiwa na 01, basi ile feri ya kwenda Uturuki ndiyo iliyoifunga viza. Uturuki haimo Schengen. Ukishapita ukaguzi wa kutoka, hata ukirudi baada ya saa mbili, unahesabiwa kuingia upya. Wengi hudhani "kuingia mara moja" maana yake ni kufika Ulaya mara moja. Ramani ya Schengen na ramani ya Ulaya hazifanani. Uingereza haimo. Ireland na Cyprus zimo kwenye Umoja wa Ulaya lakini hazimo Schengen. Uswisi na Norwe hazimo kwenye Umoja lakini zimo Schengen. Halafu ramani hubadilika: Kroatia iliingia 1 Januari 2023, na Romania na Bulgaria ziliondolewa ukaguzi wa mipaka ya nchi kavu 1 Januari 2025. Ushauri wa mtu aliyesafiri miaka mitano iliyopita unaweza kukuponza bila yeye kukusudia.

Sasa utauliza, kama ni siku 15, kwa nini waandike tarehe za mwezi mzima na zaidi? Swali hilo lilinisumbua sana, na jibu lake lina mantiki. Kwa viza ya kuingia mara moja, kanuni zao zinataka kipindi cha uhalali kiongezewe siku 15 za ziada, ili ndege ikiahirishwa au ukiugua kabla ya kuondoka nyumbani usilazimike kuomba viza upya. Siku hizo zinakuwezesha kusogeza safari mbele au nyuma. Haziongezi muda wa kukaa hata kwa siku moja. Kwa hiyo mtu aliyeomba siku kumi anaweza kupewa stika yenye tarehe za siku ishirini na tano, na ndani yake kisanduku kikasema 10. Yangu ilikuwa na pengo kubwa zaidi kwa sababu safari ilikuwa na vipande viwili: siku 13 za kwanza, kisha London, kisha siku 2 za kurudi kupanda ndege. Kumi na tatu na mbili ni kumi na tano. Zile siku mbili nilizomkubalia rafiki yangu Amsterdam zilikuwa ndizo siku zangu za kurudi Paris, na mimi sikujua kwamba nimezila.

Na hesabu yenyewe ina mtego. Mimi nilihesabu usiku, kama mtu anavyohesabu hotelini, nikapata kumi na nne. Wao wanahesabu siku, ya kuingia na ya kutoka zote zikiwemo. Ukitua saa tano na nusu usiku, ile nusu saa iliyobaki ni siku nzima kwao. Hata kama ningekijua kile kisanduku, ningejidanganya kwamba nimebakiwa na siku moja.

Walinipeleka pembeni, wakajaza fomu. Hapa naomba mdogo wako asikilize vizuri. Kukataliwa kuingia Schengen hakufanywi kwa mdomo. Ni lazima upewe fomu yenye sababu iliyowekewa alama, kila sababu ina herufi yake, na inayoeleza haki yako ya kukata rufaa. Wakati ule walikuwa wanagonga muhuri wa kuingia kwenye pasipoti kisha wanaukata kwa mistari miwili ya wino mweusi, na pembeni wanaandika herufi ya sababu. Mimi niliandikiwa C, ambayo ni kutokuwa na viza halali. Niliogopa kutia saini nikidhani nakiri kosa. Saini ile inathibitisha kwamba umeipokea karatasi. Kama hakuichukua, au aliitupa kwa hasira, aiombe. Karatasi hiyo itamsaidia baadaye kuliko maelezo yoyote atakayoyakumbuka.

Rufaa ipo, lakini kuikata hakukufungulii mlango siku hiyo. Unasubiri ukiwa nje. Mimi sikukata kwa sababu afisa alikuwa sahihi. Na kuna jambo nililielewa baada ya kutulia, nikamshukuru yule mama moyoni ingawa wakati ule nilimwona kikwazo. Kama asingehesabu ile mihuri na akanipitisha, kesho yake uwanja wa ndege wa Paris wakati wa kutoka wangehesabu wao, na ningekuwa mtu aliyezidisha muda. Kukataliwa mlangoni kwa hesabu mbaya ni doa dogo. Kuzidisha muda ukiwa ndani ni kosa, na linaweza kukuletea kufungiwa kuingia.

Tofauti hiyo muifahamu, kwa sababu mdogo wako sasa hivi pengine anaamini maisha yake ya kusafiri yameisha. Hayajaisha. Kukataliwa kuingia siku moja si marufuku ya kuingia. Marufuku ni uamuzi mwingine kabisa, una muda wake na kumbukumbu zake kwenye mfumo wao wa pamoja. Mwaka uliofuata niliomba Schengen tena. Niliambatisha ile fomu na barua fupi ya kueleza nilivyokosea hesabu, bila kumlaumu mtu, na nikapewa.

Kusema ukweli kwenye fomu zijazo hakukwepeki. Ya Uingereza inauliza kama umewahi kukataliwa kuingia nchi yoyote, si yao peke yake. Mtu akijibu hapana na wakagundua amedanganya, adhabu yake inaweza kuwa kufungiwa miaka 10. Asifiche kosa dogo kwa kosa kubwa.

Mtu mmoja hapo juu ameandika kwamba kosa ni la wenye feri, wasingempandisha. Sikubaliani naye. Wafanyakazi wa feri, treni na ndege huangalia kama una hati na kama tarehe haijapita, na wakikosea wanalazimika kukurudisha ulikotoka. Kupandishwa si ruhusa ya kuingia. Hata mimi tiketi yangu ilisomwa na geti likafunguka.

Siku hizi mihuri yenyewe inaondoka. Tangu 12 Oktoba 2025 wameanza mfumo wa kuandikisha sura na alama za vidole kwenye mipaka ya Schengen, na kompyuta ndiyo inayohesabu siku. Ule mwanya wa afisa aliyechoka kutoona muhuri uliofifia unafungwa. Wenye viza ya kuingia mara nyingi, ile iliyoandikwa MULT, wawe makini zaidi, maana kwao kwa kawaida kanuni ni siku 90 ndani ya kila kipindi cha siku 180, na kipindi hicho hakianzi Januari wala siku ya viza kutoka. Kila siku unayotaka kuwa ndani, unahesabu 180 kurudi nyuma. Tovuti ya Tume ya Ulaya ina kikokotoo cha bure cha kufanya hesabu hiyo. Kitumieni.

Nchi nyingine zina mtego uleule kwa sura tofauti. Viza ya utalii ya Marekani inaweza kuwa ya miaka kadhaa, lakini tarehe yake inahusu kufika mlangoni tu. Muda wa kukaa anakupangia afisa siku unapoingia. Ya Uingereza ya miaka kumi bado, kwa kawaida, inakupa miezi sita kwa kila safari. Ya China inaandika tarehe ya mwisho ya kuingia peke yake na siku za kila ukaaji peke yake, na kwa maoni yangu huo ndio uandishi ulio wazi kuliko zote.

Turudi kwa mdogo wako. Kama ni 01, viza hiyo haifufuki. Kama ndege yake ya kurudi inaondokea Athens, hawezi kuingia Ugiriki kwenda kuipanda, kwa hiyo tiketi ndiyo ya kushughulikia kwanza. Apige simu kwa shirika la ndege kabla ya saa ya safari aombe kubadilishiwa mji wa kuondokea, kwa sababu akikosa tu kutokea, tiketi nyingi hufutwa zote. Mizigo iliyobaki hotelini aombe itumwe au mwenzake aichukue. Na aangalie ruhusa yake ya Uturuki inaisha lini, asije akatatua tatizo la mpaka mmoja akatengeneza la mwingine. Kama kisanduku kinasema 02 au MULT, na siku zake hazijaisha, hapo hadithi inabadilika na rufaa ina maana. Nitakusaidia kuiandika.

Mwambie apige picha stika na ile fomu, afunike jina na namba ya pasipoti, kisha utuandikie hapa kisanduku cha siku za kukaa na cha idadi ya kuingia vinasomekaje, ni herufi gani imewekewa alama, na ndege yake inaondoka lini. Kabla ya hapo asinunue tiketi yoyote.