Rumba na son kwa selo na violini: anzeni na chupa

Konseti ya kuchanganya rumba ya Kongo na son ya Kuba huharibikia kwenye mdundo. Nota zenyewe, waliopita kwenye solfeji wanazisoma vizuri tu. Kwa hiyo mazoezi ya kwanza hapa Lubumbashi yafanyeni bila upinde. Tafuteni chupa tupu ya Fanta, ya kioo, na msumari, kama walivyofanya wapiga gita wa zamani wa Katanga. Mmoja agonge klave, yaani mdundo wa magongo matano unaoshikilia muziki wa Kuba: hesabu vipigo 16, gonga cha 1, cha 4, cha 7, cha 11 na cha 13. Wengine wapige mguu kwenye cha 1, 5, 9 na 13. Chupa ikilia kali mno, itie maji kidogo, sauti itashuka.

Miziki hii ni ndugu. Sahani za santuri za mfululizo wa GV zilileta muziki wa Kuba Kongo kuanzia miaka ya 1930, mwingi ukiwa son, lakini zikauzwa kwa jina la rumba. Undugu huo ndio mtego. Kwa Wakuba klave haigeuzwi katikati ya wimbo: melodi iliyotungwa kwa upande wa mapigo matatu (cha 1, 4 na 7) ikiangukia upande wa mawili (cha 11 na 13), inachechemea. Kwetu kinachobeba wimbo ni magita yanavyosukana, hasa kwenye seben, sehemu ya wimbo ambapo magita yanatawala na watu wanacheza.

Wanamuziki 13 wanatosha: violini 4 za kwanza, 4 za pili, viola 2, selo 2, kontrabasi 1. Kwa rumba, gawaneni sehemu za magita matatu ya rumba: violini za kwanza zishike solo (gita la juu), za pili mi-solo (la kati), viola akompanyema (la kusindikiza). Kwa son, igeni charanga, bendi za Kuba za filimbi na violini, ambazo violini ni za kwao tangu zamani: kifungu kifupi kinachorudiwa, upinde mfupi, karibu na katikati yake.

Selo ndiyo yenye kazi ngumu. Besi ya son huwahi: sauti ya akodi inayokuja inapigwa kwenye pigo la nne la kila baa (vipigo cha 7 na cha 15 katika vile 16) na kushikiliwa, pigo la kwanza linapita kimya. Aliyelelewa na Bach mkono wake utalikimbilia la kwanza tu. Mwambieni aimbe mstari huo kwa mdomo huku chupa inalia, hadi mkono utulie, ndipo ashike selo. Pizikato, yaani kudonoa nyuzi bila upinde, ipigwe kwa nyama ya kidole, siyo ukucha, juu ya ubao wa vidole na mbali na daraja. Hapo sauti ni nene, na jasho haligusi sehemu inayopitiwa na upinde. Kutoka pizikato kwenda upinde, andikeni kimya cha mapigo mawili. Bila hicho upinde hufika umechelewa, na kontrabasi inaachwa peke yake.

Mkiongeza gita, liwe kavu. Likiwa la umeme, spika moja inawafunika wote 13.

Mwezi wa 6 na wa 7 hewa ya hapa ni kavu na usiku ni baridi: mbao zinasinyaa, vigingi vinateleza. Wekeni sponji yenye unyevu, iliyokamuliwa sana, ndani ya kibweta cha sabuni chenye matundu, kwenye mfuko wa selo. Fikeni ukumbini saa moja kabla, tyunini kwa nota ya la (A) ya hezi 440, subirini dakika 20, tyunini tena. Na kila stendi ya nota iwe na taa yake ya betri, maana umeme ukikatika seben haisubiri jenereta.