Kilo tatu za chai

Ile chai ya kupunguza tumbo niliinywa siku sita, siku ya saba mizani ikaonyesha nimepungua kilo 3. Nikampigia dada yangu kumtambia. Sikumwambia kwamba nilikuwa nakimbilia chooni mara tano kwa siku na usiku tumbo linanisokota. Muuzaji alishaniambia hizo ni sumu zinatoka.

Nilipoacha, siku nne tu kilo zote zikarudi. Hapo ndipo nikageuza pakiti nikasoma yale maandishi madogo: majani ya sena. Dawa ya kuharisha! Tena sena hufanya kazi kwenye utumbo mpana, chakula kikiwa kimeshanyonywa. Nilichopoteza ni maji na choo. Kilo moja ya mafuta ya mwili ina kama kalori 7,700. Anayetumia kalori 2,000 kwa siku, hata asitie kitu mdomoni siku sita, hafikishi kilo mbili za mafuta. Sasa mtu akikutangazia kilo 10 kwa wiki, piga hesabu mwenyewe.

Chai angalau iliandika kilichomo. Vidonge je? Maana sikukoma, nikanunua vya "mitishamba tupu, havina madhara". Siku ya pili hamu ya kula ikakatika kabisa, mdomo mkavu, moyo unanienda mbio nami nimekaa tu kitini. Nikaona hii ndiyo dawa yenyewe. Kumbe hapo ndipo pa kuogopa. Wakaguzi wa dawa wamekuta mara nyingi vidonge vya namna hii vimechanganywa kwa siri na sibutramini, dawa ya kukata hamu ya kula iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Kwenye lebo huikuti.

Siku hizi namuomba muuzaji namba ya usajili, kisha naihakiki mwenyewe kwa mamlaka ya dawa. Cheti anachonionyesha kwenye simu yake sikihesabu. Na dawa moja ikitibu kitambi, kisukari, presha na uzazi, simsikilizi hata amalize.

Kama umeshameza na moyo unakwenda mbio, acha, nenda hospitali na kopo lako mkononi. Mimi langu nililitupa kwa aibu, daktari akabaki ananiuliza nimekunywa nini, nami namjibu rangi ya kifuniko.