Kamba ya kupandia mwembe na namna ya kukata tawi zito

Ndugu, umeuliza kama kamba ya katani inatosha kupandia mwembe ili ukate tawi lililolalia paa. Haitoshi: katani ikilowana mara kwa mara huoza ndani kwa ndani, huku nje ikionekana nzima. Tafuta kamba ya poliesta iliyotengenezwa kwa kupandia, na ya kushushia matawi iwe nyingine kabisa, kwa kuwa mshtuko wa mzigo huichosha.

Tawi lenyewe usilikate kutoka juu kwa mkupuo mmoja, maana litaanguka likichuna gome hadi kwenye shina. Anza upande wa chini wa tawi, ukate theluthi ya unene wake, kisha kata upande wa juu, nje kidogo ya hapo, yaani mbali zaidi na shina. Kisiki kinachobaki kimalizie mbele ya ule uvimbe wa pale tawi linapoungana na shina, ambao ndio huziba jeraha. Nyaya za umeme zikipita karibu, nakusihi usipande kabla hazijazimwa.